Neno Nililomwambia Wegesa

Ganzi ilianza kwenye vidole vya mguu wa kushoto, wiki ile ambayo watu wa upande wa bwawa la Manchira walikuwa wanapanda mahindi ya vuli. Nilidhani ni viatu, nikabadilisha viatu. Baada ya siku kumi ganzi ilikuwa imefika kwenye kifundo. Asubuhi moja nikiwa naoga niligundua kwamba nimejimwagia maji ya moto, ngozi imekuwa nyekundu, na mimi sikusikia kitu chochote.

Mgongo wenyewe ulikuwa unaniuma tangu kiangazi. Wakati huo nilikuwa mshauri nasaha katika kituo cha afya hapa Mugumu, kwenye kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kila siku niliwaambia watu wasikae na maumivu nyumbani. Mimi nilikaa nayo miezi mitano, naomba. Siku maumivu yalipopungua niliona nimejibiwa, na siku yalipozidi niliona najaribiwa. Kwa namna hiyo sikupata siku hata moja yenye sababu ya kwenda kupimwa.

Naandika haya nikiwa natembea tena, polepole, kwa fimbo. Kama una ugonjwa kama wangu, yasome upate moyo, maana miguu yangu ilirudi. Lakini zaidi namwandikia yule anayekaa kwenye kiti nilichokuwa nakalia mimi, upande wa pili wa meza, anayesikiliza wagonjwa na kuwapa maneno.

Mume wangu, Marwa, ni mwalimu wa sekondari. Aliomba ruhusa shuleni akanipeleka Mwanza nikapigwe picha ya mgongo. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi hadi jua likahamia dirisha la pili. Nilikuwa nimeshaanza kushindwa kuzuia mkojo, na pale kwenye benchi ukanitoka. Nilitazama ukuta. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, nisiyemjua hata kwa sura, alivua kanga yake ya juu akaniwekea mapajani kama vile ananionyesha maandishi yake, kisha akaendelea kuongea na Marwa habari za mvua. Sikuwahi kujua jina lake. Katika mwezi ule mzima, hilo ndilo jambo jema ninalolikumbuka.

Daktari alisema ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alinionyesha kwenye picha mifupa miwili iliyokuwa imeliwa. Dawa ni mwaka mzima, alisema, bila kuruka siku, na miguu inaweza kurudi au isirudi. Marwa aliniuliza kitu tukiwa tunasubiri dirisha la dawa. Aliongea huku anatazama sakafu.

"Mama anauliza kama kuna mtu uliyemkosea."

Nilimjibu kwamba mama yake aniombee tu, mambo mengine ayaache. Nilijibu haraka, kama mtu mwenye uhakika. Lakini swali lile lilipanda nasi gari la kurudi, na tangu siku ile halikuniacha. Nikiwa nimelala chali nilipitia sura za watu, mmoja mmoja, nikitafuta.

Marwa hakuweza kufundisha na wakati huohuo kunigeuza kitandani, na binti yetu Ghati alikuwa bweni. Tukakubaliana nikae kwa mama yangu mzazi, Tarime, kwenye barabara ya kwenda Sirari, kwa miezi miwili ya kwanza ya dawa. Hiyo ndiyo miezi ya vidonge vingi. Vilikuwa vikubwa, rangi ya matofali, na mkojo wangu ukawa mwekundu hata mama akashtuka mara ya kwanza alipomwaga beseni. Magoti na vidole viliniuma kama vya bibi kizee. Nilivaa mkanda mgumu kutoka kwapani hadi nyongani. Mapaja yangu yalikonda mpaka mama, akinipaka mafuta, aliweza kulizungushia paja moja vidole vyake vikakutana. Alinifunika tu, akaenda kukoroga uji wa ulezi, na nikamsikia anapiga mwiko kwenye sufuria muda mrefu kuliko uji unavyohitaji.

Dada yangu mkubwa, Nyangi, anauza nguo Sirari na kuvuka kila mara kwenda Isebania, upande wa Kenya. Yeye ndiye aliyemleta mhubiri. Alikuwa mtu wa upande wa pili wa mpaka, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliniwekea mkono mgongoni juu ya ule mkanda, akaomba muda mrefu, na nitasema ukweli: nilisikia joto. Nililia. Nyangi alilia. Mhubiri akasema, "Hii kitu imeisha, dada. Ukiendelea kumeza hizo dawa, unamwambia Mungu kwamba humwamini."

Mama alikuwa mlangoni. Aliuliza kama daktari wa Mwanza amekubali. Nyangi alimjibu kwa Kikurya, kwa ukali, kwamba imani haiombi ruhusa kwa daktari. Hawakuongea tena wiki nzima, mama na binti yake, na walikuwa wanapishana kwenye korido ile nyembamba kama wageni wawili wa gesti.

Niliacha dawa siku nne. Mimi, niliyefundishwa, niliyekuwa na cheti, niliyewaambia mamia ya watu wasiruke hata dozi moja. Kila asubuhi nilivipokea vidonge kwa mama, nikaviweka chini ya ulimi, nikavitema kwenye kitambaa alipogeuka. Siku ya pili nilijiona mwepesi. Siku ya tatu jasho la usiku la kabla ya dawa lilirudi, godoro likalowa. Siku ya nne, mchana, nikajiambia kwamba kama nimepona basi nisimame. Nilishika ukingo wa kitanda, nikajiinua, nikaitazama miguu yangu. Ilikuwa pale sakafuni kama vitu vya mtu mwingine aliyevisahau. Nilianguka ubavu. Mama alinikuta nimelala kati ya kitanda na ukuta, kitambaa kimefunguka, na vidonge vimesambaa.

Aliviokota vyote, akaviosha, akavianika juu ya bati dogo, ingawa vilikuwa vimeshaharibika. Kisha akaenda kuita bajaji.

Kliniki ya Tarime hawakunigombeza. Muuguzi aliandika kwenye kadi yangu, akanipeleka kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha mshauri. Nilijua chumba hicho kabla sijaingia: meza, viti viwili, boksi la tishu, pazia. Nilijua hata maneno nitakayoambiwa. Mshauri alikuwa mwanamume wa makamo anaitwa Shabani. Marehemu baba yake alikuwa fundi cherehani aliyehamia Tarime kutoka Tanga, na Shabani alizaliwa hapahapa, anaongea Kikurya kunishinda. Kofia yake ya kufuma ilikuwa juu ya faili.

Nilimweleza yote, la kazi yangu na la vidonge na la mhubiri. Nilikuwa nasubiri aniambie kwamba imani na dawa havigombani, maana ndivyo nilivyozoea kusema mimi. Hakusema hivyo. Aliisogeza ile kofia.

"Mama Ghati," alisema, "kabla hatujaendelea, mimi ni mtu wa kuswali. Ukiniambia umetupa dawa kwa sababu ya maombi, kuna kitu ndani yangu kinakasirika, na kuna kingine kinakuonea wivu kwa lile joto ulilolisikia. Nakwambia mapema. Nikiteleza nikaanza kuongea kutoka hapo, ujue ni mimi, si ushauri."

Katika miaka yote ya kazi sikuwahi kumsikia mshauri akisema hivyo. Sisi tulifundishwa kuiacha dini mlangoni, na kila mmoja wetu aliamini kwamba ameiacha. Mimi nilikuwa naingia nayo kila asubuhi, imejaa kichwani na mikononi, na kwa kuwa sikuitaja nilidhani haimo chumbani.

Nilirudi kwake kila wiki nilipokwenda kuchukua dawa. Alikuwa anauliza zaidi ya kusema. Aliuliza nilipata wapi picha ya Mungu anayekasirika mtu akimeza kidonge. Nikamsimulia marehemu baba yangu, ambaye hakuumwa mbele yetu hata siku moja hadi alipokufa. Siku moja nilimwambia, kwa kujivuna kidogo, kwamba wateja wangu wengi walipenda niwaombee, na kwamba mara nyingi niliwashika mikono tukaomba kabla hawajaondoka. Shabani aliandika kitu, akaacha kuandika.

"Ulipokuwa unawaombea," aliuliza, "aliyekuwa anaogopa pale chumbani alikuwa nani?"

Nilisema ni wao. Akaitikia kwa kichwa, akanipa tarehe nyingine. Nilipokuwa nasukumwa kwenda kwenye bajaji, nilijua nimemdanganya na sikujua nimemdanganya nini.

Miezi miwili ikaisha, vidonge vikapungua, masika yakaanza. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Mama alikiona kabla yangu. Alikaa chini mbele ya kitanda akakitazama muda mrefu, akaniambia nikichezeshe tena, na nikakichezesha. Wiki mbili baadaye Marwa alikuja kunichukua kunirudisha Mugumu, nikiwa nasimama kwa magongo mawili.

Nilikuwa na hofu na kliniki ya kwetu kwa sababu pale wananijua. Nilijifunika kitenge kichwani, nikakaa benchi la mwisho la kifua kikuu, chini ya dirisha. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wamejazana. Aliingia mwanamume mmoja amembeba mwanamke mgongoni kama anavyobebwa mtoto. Alimweka chini kwenye benchi letu, akamshikilia asianguke. Yule mwanamke alikuwa mifupa mitupu, midomo imechanika, macho yako mbali. Mwanamume alinitazama, akanisalimu, akasema, "Wewe si dada mshauri?"

Sikumjua. Akaniambia yeye ni Mwita wa kijiji cha Kisaka, na huyu ni mke wake, Wegesa. Hayo si majina yao ya kweli. Nimeyabadilisha, na wao wamekubali niandike.

Nilimkumbuka Wegesa. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo alikaa mbele yangu ana mimba, siku aliyopewa majibu yake ya kipimo cha virusi. Alilia mpaka nikahisi chumba kinakosa hewa. Niliondoka kwenye kiti changu, nikapiga magoti, nikamshika mikono, nikaomba kwa sauti. Nakumbuka nilivyotulia baada ya amina. Nakumbuka nilifikiri leo nimefanya kazi.

Nilimuuliza Mwita kama mkewe alikuwa anameza dawa za virusi. Hakuwa na hasira aliponijibu. Alikuwa anampangusa mkewe mdomo kwa kona ya shuka lao la maua ya bluu.

"Alimeza mpaka mtoto akazaliwa, kwa ajili ya mtoto. Mtoto ni mzima. Halafu akaacha. Alisema wewe ulimwambia imekwisha."

Ni kweli. Nilimwambia neno hilo. Nilimwambia, "Imekwisha, Wegesa, simama." Nilimaanisha aibu imekwisha, au hofu, au labda kilio, maana kilikuwa kinanishinda kukisikiliza. Yeye alilibeba neno hilo hadi Kisaka akalitunza. Nami nilikuwa nimelisikia hilohilo juu ya mgongo wangu, Tarime, kutoka kwa yule mhubiri niliyekuja kumwona mjinga na wa hatari.

Pale benchini ndipo nilipojua nilichomdanganya Shabani. Aliyekuwa anaogopa ni mimi. Sikuweza kukaa na mtu anayelia bila kuwa na la kumpa, na nilichokuwa nacho mkononi kila siku kilikuwa Mungu wangu. Nilimtumia kumnyamazisha mtu. Swali la mama mkwe lilikuwa limepata sura, ingawa sikuamini, na siamini hata leo, kwamba mgongo wangu ulioza kwa ajili ya Wegesa. Lakini kuamini ni kitu kimoja, na kulala na jambo kifuani ni kingine.

Walimlaza. Wodi ilikuwa hatua chache kutoka kliniki yetu, na mimi sikuweza kuingia. Kila siku ya kliniki nilijikokota hadi uani nikatazama kamba ya kuanikia. Kama shuka lake la maua ya bluu lilikuwa limeanikwa, nilijua yuko hai. Wiki moja sikuliona. Nilisimama pale na magongo yangu, nikihesabu mashuka ya watu wengine, mpaka Mwita alipotokea na beseni akaniambia shuka liko ndani, leo hawajafua. Aliongea kama mtu anayemtuliza mtoto. Nilimshukuru, nikaondoka haraka, na nyumbani sikuweza kula.

Siku iliyofuata nilimwambia Marwa. Tulikuwa hatujaongea vizuri tangu Mwanza. Alikuwa ananivalisha mkanda kila asubuhi akinifunga kamba zake bila kunitazama usoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba aliponiletea lile swali la mama yake, halikuwa la mama yake. Lilikuwa lake. Alikuwa anaogopa kufiwa na mke na alitaka kuwe na mtu wa kulaumiwa, hata kama ni mimi. Siku ile alifunga kamba polepole.

Nilimweleza pia mganga mfawidhi wa kituo, ambaye ni msimamizi wangu. Hakunifukuza. Alisema nisirudi chumba cha ushauri kwanza, nipangwe kwenye mapokezi nitakapopata nguvu, na nitafute mtu wa kunisikiliza mimi. Nikamwambia yupo, Tarime. Tangu hapo nampigia Shabani simu kila wiki mbili, na hata sasa hajanipa ruhusa ya kujihurumia.

Wegesa hakufa. Hakupona kama watu wanavyopenda kusema kupona. Jicho moja halioni, na mkono mmoja unatetemeka. Walimruhusu mvua zilipokatika. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne ya dawa nilipopata ujasiri wa kwenda Kisaka. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, nyasi zimekauka, ng'ombe wanalishwa mabua. Marwa aliazima gari la mwalimu mwenzake, akaendesha taratibu kwa ajili ya mgongo wangu, akabaki barabarani kama nilivyomwomba.

Wegesa alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mtoto anatambaa pembeni yake. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinikaribisha kigoda, kwa kuwa aliona siwezi kukaa chini. Nilimwambia nililokuja kumwambia: kwamba neno lile sikuwa na haki ya kulisema, kwamba nililisema ili nitulie mimi, na kwamba naomba anisamehe ila halazimiki.

Alimvuta mtoto kutoka kwenye jivu, akampangusa mikono.

"Nililipenda lile neno," alisema. "Ndiyo maana nililishika. Hakuna mwingine aliyeniambia kitu kizuri siku ile."

Huko nyuma ningekuwa na jibu tayari.

Mwita alipita na ng'ombe wawili, akanisalimu, akaendelea. Baadaye Wegesa aliingia ndani, akatoka na kopo la dawa zake na kikombe cha maji, kwa sababu saa yake ilikuwa imefika. Mkono ulitetemeka, maji yakamwagika kidogo. Alimeza, akanionyesha ulimi kama wanavyofanya wodini, kisha akacheka kwa kujishtukia. Halafu akaniomba nimwombee.

Nilitamani kukataa na nilitamani kukubali, na nilijua kwamba vyote viwili vilikuwa hofu yangu. Nikafanya nilichopaswa kufanya siku ile ya kwanza. Nilimuuliza anataka nini kitokee nikimwombea.

Akasema hataki kitokee kitu. Dawa atameza, nisiwe na wasiwasi. Anachotaka ni kutokuwa peke yake anapoongea na Mungu, maana tangu alazwe anaogopa kufumba macho. Akifumba lile linaloona, anahisi halitafumbuka tena.

"Basi omba wewe," nilisema. "Mimi nitakaa hapa, macho wazi."

Aliniangalia kuona kama nafanya mzaha. Kisha akafumba macho yote mawili, akaanza kuomba kwa Kikurya, maneno machache, akitaja mtoto, akitaja ng'ombe, akinitaja mimi na mgongo wangu. Mkono wake uliotetemeka nilikuwa nimeushika, na sikuusaidia kutulia. Ulimi uliniwasha nimsaidie maneno pale aliponyamaza katikati, kimya kirefu, kope zake zikipepea. Sikumsaidia. Nilimtazama usoni muda wote, nikisubiri jicho lifumbuke.